MAJI YA MERU, UMEME WA ARUSHA NA KICHUJIO TULICHOKISAHAU

Mtu wa visiwani anaposhuka Arusha kwa mara ya kwanza hukutana na mambo mawili asiyoyazoea. La kwanza ni baridi ya alfajiri, ambayo humkumbusha koti alilolidharau alipokuwa akifunga mzigo wake Unguja. La pili ni maji. Katika vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Meru, chemchemi hutoa maji meupe kama ya mvua, yasiyo na harufu, wala ladha yake haimshtui mnywaji. Hata hivyo maji hayo yamebeba madini ya floraidi kutoka katika miamba ya volkeno, na mtoto anayekulia juu yake huota meno ya rangi ya kahawia. Yakizidi sana humharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu, kwa kukosa njia nyingine, iliruhusu kwa miaka mingi hadi miligramu 4. Ndiyo maana pale Ngurdoto, nje kidogo ya mji, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti ambacho kazi yake ni kutafuta namna ya kuondoa floraidi, na moja ya njia zake ni kuyapitisha maji katika mkaa uliotengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe.

Tumeanza na maji ingawa safari yetu ilikuwa ya umeme. Tulikwenda Arusha kutazama viwanda, na kila tulipouliza habari za umeme tulijibiwa kwa moja ya maneno mawili: upo, au haupo. Kiongozi mmoja alituambia kwa fahari kwamba siku hizi umeme hauna adha ya zamani. Hatukubishana naye. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla yake megawati 2,115, na tangu mtambo wa kwanza ulipoanza kazi mwezi Februari 2024 hali ya upatikanaji imebadilika kwa kiasi kikubwa. Lakini sisi hatukuwa tukiuliza wingi. Tuliuliza iwapo umeme huo ni safi, na wengi walitutazama kama watu waliouliza rangi ya upepo.

Basi na tueleze tulichokuwa tukikiuliza.

Umeme tunaoutumia, Bara na Visiwani, ni wa mkondo geu. Hupanda na kushuka kama wimbi mara 50 kwa kila sekunde, yaani hezi 50. Wimbi hilo likiwa safi huwa na umbo laini, mfano wa mawimbi mapana ya bahari siku ya shwari, ambayo huinua ngalawa na kuishusha bila ya kuirushia tone la maji. Sasa ipite boti ya mashine. Wimbi kubwa bado lipo, ila mgongoni mwake yamepanda mawimbi madogo ya haraka haraka, na bahari imeharibika sura. Katika umeme mawimbi madogo ya namna hiyo huitwa hamoniki, nayo yana nidhamu ambayo ya baharini hayana: kila moja huenda kwa hezi ambazo ni kigawe cha 50. Hamoniki ya tatu ni hezi 150, ya tano 250, ya saba 350, ya kumi na moja 550. Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kilichohusu joto, alionyesha kwamba wimbi lolote linalojirudia, hata likiwa limevunjika vunjika vipi, linaweza kuchambuliwa likawa jumla ya mawimbi laini yaliyopangika hivyo. Hesabu yake ndiyo iliyomo leo ndani ya kila kipimo anachobeba mhandisi wa umeme.

Wapenzi wa taarabu wataelewa upesi zaidi kuliko wengine. Udi na fidla vikipiga sauti moja ile ile, sikio halivichanganyi, kwa kuwa kila chombo kina mchanganyiko wake wa sauti ndogo ndogo juu ya ile kubwa. Katika muziki hamoniki ndizo utamu. Katika umeme ni joto na hasara.

Je, uchafu huo hutoka wapi? Hapa ndipo maji ya Meru na umeme wa Arusha vinapoachana njia. Floraidi imeletwa na volkeno, na hakuna wa kumlaumu. Hamoniki tunazitengeneza wenyewe, tena hatuzitengenezi kwenye mabwawa wala kwenye laini kubwa, bali ndani ya majengo yetu, kwa vifaa tulivyovinunua kwa fedha zetu.

Miaka ya 1970, Arusha ilipokuwa ikijengwa kuwa mji wa viwanda, viwanda vya nguo na kiwanda cha matairi cha General Tyre, ambacho kilifungwa mwaka 2009, vilifanya kazi katika zama ambazo mota ilifungwa moja kwa moja kwenye umeme. Ikiwashwa huzunguka kwa mwendo wake mmoja, ikizimwa husimama. Majumbani zilikuwako balbu za waya, pasi na birika. Vifaa vya aina hiyo huvuta mkondo kwa utulivu, kwa kulifuata wimbi linavyopanda na kushuka. Vya leo havina adabu hiyo. Kompyuta, televisheni, taa za LED, chaja za simu, viyoyozi vya inveta na vile vifaa vya kudhibiti mwendo wa mota ambavyo mafundi huviita draivu, vyote kwanza huugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyofu, na katika kuugeuza hunyakua umeme kwa mafungu, pale tu wimbi linapofika kileleni. Kilichobaki cha wimbi hawakitaki. Kunyakua huko ndiko kunakolivunja umbo.

Atakayesoma hapa akahitimisha kwamba tunavipiga vita vyombo vipya hatakuwa ametuelewa. Draivu ni chombo cha maendeleo. Mashamba ya maua ya Tengeru na Usa River hayawezi kuishi bila ya pampu za maji na vyumba vya baridi. Pampu ikipunguzwa mwendo hadi asilimia 80 kwa draivu, badala ya kubanwa kwa vali, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu nusu. Hiyo ni akiba ya taifa zima. Tunachosema ni kwamba akiba hiyo ina mkia, na mkia huo huachiwa jirani.

Draivu ya kawaida ya fezi tatu hutoa hamoniki ya tano, ya saba, ya kumi na moja na ya kumi na tatu. Kwa hesabu ya vitabuni, ya tano hufikia sehemu moja kwa tano ya mkondo wenyewe na ya saba sehemu moja kwa saba. Mkondo huo haufanyi kazi yenye faida yoyote. Ukifika kwenye mota ya jirani, ile hamoniki ya tano hujaribu kuizungusha mota kinyumenyume. Mota haizunguki kinyume, ila hutetemeka na kupata joto, na joto hula umri wake. Ukifika kwenye transfoma mambo huwa mabaya zaidi. Ndani ya nyaya na chuma cha transfoma huzuka vijimkondo vya kuzunguka ambavyo joto lake hukua kwa mraba wa hezi. Fanya hesabu: sehemu moja kwa tano ya mkondo, ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe, ni sehemu moja kwa ishirini na tano, lakini hezi zimezidi mara tano, na mraba wa tano ni ishirini na tano. Kwa hiyo hamoniki ya tano iliyo ndogo kiasi hicho huzusha katika nyaya joto la namna hiyo sawasawa na lile linalozushwa na mkondo mzima wa kawaida. Transfoma iliyonunuliwa kuishi miaka mingi hufa mapema, na lawama huenda kwa mtengenezaji. Arusha ndiko kiliko kiwanda cha Tanelec, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho transfoma zake zimesambaa nchini. Ingekuwa dhuluma kukilaumu kiwanda cha transfoma kwa joto lililozushwa na aliyeinunua.

Majengo ya ofisi yana balaa lao. Kompyuta na taa hutumia fezi moja moja, na hutoa kwa wingi hamoniki ya tatu. Tulifundishwa sote kwamba mizigo ya fezi tatu ikilingana, mikondo yake hufutana katika waya wa nyutro, na waya huo hubaki baridi. Hamoniki ya tatu haifuati sheria hiyo. Hazifutani, bali hujumlishwa, na mkondo wa nyutro waweza kufika mara 1.7 ya ule wa fezi. Katika majengo ya zamani nyutro ilifungwa nyembamba kuliko fezi kwa ajili ya kubana matumizi. Waya mwembamba, mkondo mkubwa, na kwa kawaida hapana fyuzi juu yake ya kuukata. Maofisa wanaosoma makala haya katika ofisi zenye kompyuta arubaini juu ya nyaya za mwaka 1975 hawahitaji tuwamalizie sentensi.

Lakini jambo lililotuleta kwenye kalamu ni kapasita.

Katika eneo la viwanda la Arusha fundi mmoja alitutolea ndani ya sanduku kapasita tatu zilizovimba kama mikate iliyotiwa hamira nyingi. Alizifunga kwa mkono wake, zikapasuka. Zikanunuliwa nyingine, zikapasuka. Na alipoonana nasi alikuwa akisubiri za mara ya tatu. Meneja wake alikuwa na yakini kwamba umeme unaoletwa ni mbovu. Waliouleta walikuja, wakapima volti, wakakuta zipo sawa, wakaenda zao. Kila upande ulisema kweli na kapasita ziliendelea kupasuka.

Sababu ya kufunga kapasita ni njema. Mota huhitaji, zaidi ya nguvu inayofanya kazi, nguvu ya kujenga usumaku wake, na nguvu hiyo huzunguka katika nyaya bila ya kusaga wala kusuka kitu. TANESCO huwatoza wateja wakubwa kwa kilovolti-ampea, ambamo nguvu zote mbili zimo. Basi mwenye kiwanda hufunga kapasita ili ile ya pili itoke papo hapo ndani ya ua wake. Bili hushuka. Hakuna mhasibu asiyelipenda jambo hilo, na wauzaji wa kapasita wanalijua.

Kapasita na transfoma, hata hivyo, zikiwekwa pamoja huwa kama bembea. Mtoto aliye juu ya bembea ukimsukuma ovyo hafiki mbali. Ukimsukuma kwa kipimo chake, kila msukumo mdogo humwongezea, hata aruke. Kila kapasita ikiunganishwa na kila transfoma ina kipimo chake cha hezi ambacho ikisukumwa hapo huitikia kwa nguvu isiyo na kiasi. Tuchukue mfano wa hesabu. Transfoma ya kilovolti-ampea 1,000 yenye ukinzani wa asilimia 5 ina nguvu ya shoti ya kilovolti-ampea 20,000. Funga kapasita za ukubwa wa 400. Gawanya 20,000 kwa 400, upate 50. Tafuta kipeuo cha pili, upate saba na kichembe. Maana yake ni kwamba bembea hiyo inangoja msukumo wa hezi 354, na draivu zilizofungwa ukumbi wa pili zinasukuma kwa hezi 350 usiku na mchana. Mwenye kiwanda akisema kapasita hazitoshi, akaziongeza hadi 800, kipeuo kinatua juu ya tano barabara, na hamoniki ya tano ni kubwa kuliko ya saba. Ameongeza dawa na maradhi yamezidi.

Fundi wetu hakukosea lolote kwa mujibu wa vitabu alivyosomea. Vitabu vyake viliandikwa kabla ya draivu kuingia ukumbini. Na volti zilipopimwa kwa kipimo cha kawaida zilionekana sawa, kwa kuwa kipimo hicho hutaja ukubwa wa wimbi, hakitaji umbo lake. Ni sawa na kuyatazama maji ya Meru katika gilasi na kusema ni meupe.

Dawa ipo, nayo si ya kigeni wala ya miujiza. Ni kichujio. Kilicho rahisi kuliko vyote ni koili moja ya waya iliyofungwa kwa mfuatano na kapasita ile ile. Koili huupinga mkondo zaidi kadiri hezi zinavyopanda, na kapasita huupinga kidogo kadiri hezi zinavyopanda. Kuna mahali upinzani wa hiki hufuta upinzani wa kile, na hapo njia hubaki wazi. Kichujio kikitegwa karibu na hezi 250, chini yake kidogo, hamoniki ya tano hukiona kuwa ni mlango mwepesi kuliko transfoma, huingia humo na kuzungukia humo humo karibu na draivu iliyoizaa, isiende kwa jirani. Ni kama mvuvi anavyochagua wavu kwa matundu yake: wavu wa dagaa si wavu wa nguru, na kichujio cha tano hakikamati saba. Kiwanda chenye uchafu wa namna nyingi huhitaji nyavu zaidi ya moja.

Mtu asiye na haja ya kusafisha, ila anataka tu kapasita zake zisipasuke, ana njia ya bei nafuu. Huweka koili ambayo upinzani wake ni asilimia 7 ya ule wa kapasita, na kile kipimo cha bembea hushuka hadi hezi 189, ambako hakuna hamoniki ya draivu inayosukuma. Palipo na hamoniki ya tatu nyingi, kama katika hoteli na maofisi, koili huwa ya asilimia 14 na kipimo hushuka hadi hezi 134. Sharti moja husahauliwa: koili huipandishia kapasita volti, hivyo kwenye umeme wa volti 400 koili ya asilimia 7 huifikishia kapasita volti 430. Kapasita iliyoandikwa 400 haifai hapo hata ikiwa mpya. Tumelitaja hili kwa urefu kwa sababu ndipo fedha za umma zinapopotea, katika tofauti ya tarakimu mbili kwenye karatasi ya zabuni.

Zipo njia nyingine. Transfoma mbili, moja iliyofungwa kwa nyota na nyingine kwa pembetatu, zikilisha draivu mbili zilizo sawa, hamoniki za tano na za saba za upande mmoja hugongana na za upande wa pili zikafutana. Na kipo kichujio hai, ambacho nadharia yake ilitolewa na Hirofumi Akagi na wenzake wa Japani mwaka 1983: hupima mkondo kila wakati, kikajua uchafu uliomo, kikatoa mkondo wa kinyume chake wa kuufuta. Hicho ni ghali, na kina vijikompyuta ndani ambavyo vumbi na joto havivipendi. Kwa maoni yetu, mwenye kiwanda cha kawaida aanze na koili.

Jambo moja katika habari hii lilitupa matumaini, nalo linaihusu Arusha moja kwa moja. Tangu mwishoni mwa mwaka 2024, gridi yetu imeunganishwa na ya Kenya kwa laini ya kilovolti 400 inayotoka Isinya, ikapita kituo cha Lemugur hapo Arusha, ikaendelea hadi Singida. Kenya nayo, tangu mwaka 2022, imeunganishwa na Ethiopia kwa laini ya mkondo mnyofu ya kilovolti 500, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, inayoishia Suswa. Mwaka 2025 Serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, na mjadala ukawa mkali iwapo nchi yenye Bwawa la Nyerere inahitaji kununua. Mjadala huo tunawaachia wenyewe. Sisi tunataka msomaji akitazame kituo cha Suswa. Kazi ya kituo kile ni kuugeuza mkondo mnyofu kuwa mkondo geu, kazi ile ile ya draivu ikirudishwa nyuma na kukuzwa mara maelfu. Vigeuzi vya ukubwa huo hutoa hamoniki za kumi na moja na kumi na tatu, na stesheni za aina hiyo haziwashwi bila ya safu za vichujio kusimama uani mwake. Hakuna aliyegombana na mwenziwe kuhusu nani anunue. Vichujio huandikwa katika mkataba wa stesheni kabla ya jiwe la msingi, pamoja na nguzo na uzio.

Kwa nini basi kiwanda, hospitali, hoteli au jengo la wizara lisiandikiwe hivyo?

Msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kusema kwamba haya ni ya watu wa viwanda, sisi tuna karafuu, mwani na watalii. Tunamwomba asubiri kidogo. Umeme wa Unguja hutoka Ras Kiromoni kwa waya wa chini ya bahari hadi Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980, na wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, mwaka 2013. Pemba imeunganishwa na Tanga tangu mwaka 2010, kwa waya wa zaidi ya kilomita 70. Sasa, waya wa baharini umbo lake ni shaba iliyofunikwa kwa kizuizi kisha ikafunikwa tena kwa madini, na kitu chenye umbo hilo ni kapasita. Visiwa vyetu vimefungiwa kapasita kubwa kabla hata ya mtu kununua ya dukani. Kadiri waya unavyokuwa mrefu ndivyo kile kipimo cha bembea kinavyoshuka, kikasogelea zile hamoniki za chini ambazo ndizo zenye nguvu.

Hatusemi kwamba giza la mwaka 2008, lililodumu karibu mwezi mzima, au lile la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, lililetwa na hamoniki. Kusema hivyo kungekuwa uzushi. Tunasema kwamba watu waliokaa miezi mitatu gizani, wakichota maji kwa ndoo na kuuza samaki kwa hasara kabla hawajaoza, wanajua thamani ya waya ule kuliko mtu yeyote wa gridi hii. Na tangu wakati huo pwani ya mashariki imejaa hoteli zenye viyoyozi vya inveta, pampu za draivu na mitambo ya kusafisha maji ya chumvi. Kila kimoja kinanyakua wimbi kileleni. Mwanakijiji wa jirani, mwenye friji moja ya kuuzia barafu, yuko kwenye transfoma ile ile.

Ubishi uliopo ni wa nani alipe. Wenye hoteli na viwanda husema shirika la umeme ndilo muuzaji, basi lisafishe bidhaa yake. Tumeipima hoja hiyo na hatukubaliani nayo. Anayemwaga maji machafu mferejini hawezi kudai kwamba mfereji si wake. Wahandisi wa Marekani waliliandikia jambo hili mwongozo tangu mwaka 1981, nao umerekebishwa mara kadhaa, wa karibuni ukiwa wa mwaka 2022. Unagawa wajibu kwa haki. Mteja huwekewa kikomo cha mkondo mchafu anaoruhusiwa kuutoa mlangoni pake, na shirika huwekewa kikomo cha kuharibika kwa volti: asilimia 8 kwa umeme wa volti 1,000 kushuka chini, asilimia 5 kwa laini za kati kama zile za kilovolti 11 na 33. Mlango ndio mpaka. Kila mmoja asafishe upande wake.

Mwenye taa nne na televisheni, hata hivyo, hawezi kuambiwa anunue kichujio, na hapa ndipo serikali haina pa kukwepea. Taa mbovu huingia nchini kwa bandari, na bandarini wamo watu wa viwango: TBS upande wa Bara, na ZBS kwetu. Taa ikipimwa mwanga na volti bila ya kupimwa umbo la mkondo wake, imepimwa nusu. EWURA na ZURA nazo zina meno ya kumtaka mteja mkubwa aonyeshe vipimo vya mlango wake kabla ya kuunganishwa, siyo baada ya jirani kuunguliwa na mota. Na wanaoandika zabuni za serikali, ambao wengi wao ni wasomaji wetu, wanaweza kuanza kesho asubuhi bila ya kungoja sheria mpya: popote palipoandikwa pampu yenye draivu, kiyoyozi cha jengo zima au benki ya kapasita, iongezwe sentensi inayotaja koili, volti za kapasita na kikomo cha hamoniki. Wino wa sentensi hiyo haufiki shilingi kumi.

Bila kupima, lakini, yote haya ni kubahatisha, na kichujio kilichonunuliwa kwa kubahatisha chaweza kujenga bembea nyingine mbaya kuliko ya kwanza. Kipimo chenyewe ni chombo cha kushika mkononi. Huachwa kimefungwa juma zima, kikarekodi usiku na mchana, kwa kuwa uchafu wa saa nne asubuhi si uchafu wa saa nane usiku.

Tuliporejea Unguja tulikwenda katika ofisi moja ya umma, ambayo hatutaitaja, kuuliza iwapo chombo cha namna hiyo kipo. Tulipokewa kwa heshima na kupewa kahawa. Tukaambiwa kwamba kipo, kililetwa na mradi, na ni kizuri sana. Tulipoomba kukiona, fundi alitupeleka hadi kwenye kabati la chuma, akagusa kitasa, kisha akatueleza kwa upole kwamba ufunguo anao mkubwa wake, ambaye amesafiri. Tukamwuliza amesafiri lini. Akahesabu kwa vidole, akasema wiki ya sita hii.